Nani Amekutuma?

Ukibisha hodi Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, ukiwa na mkoba begani na kalamu mkononi, utaulizwa umetumwa na nani. Watu wana haki ya kuuliza. Mlango huohuo umeshabishwa na watu wa sensa, watu wa makanisa, wagombea wa wadi, mashirika yaliyopiga watoto picha yasirudi tena, na vijana wanaouza sabuni ya maji. Anayefungua hukutazama viatu kwanza, halafu beji, halafu uso, na kabla hujamaliza salamu ameshaamua kama atakupisha uingie au ataujaza mlango kwa mwili wake.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, au CHP kama tunavyoitwa siku hizi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mwenyekiti wa kundi letu. Wenzangu wachanga huniuliza mtu anajifunzaje uongozi katika kazi hii, hasa wakitoka kwenye semina za hotelini ambako wamechorewa duara na mishale kwenye karatasi kubwa, wakanywa chai, wakaandika dira ya maisha yao. Sina ugomvi na semina. Chai yao ni nzuri. Lakini sijaona kwenye ile mishale mahali panapoonyesha utafanya nini baba wa nyumba akikwambia mke wake haendi kliniki, na wewe huna cheo, huna mshahara, na nyumba ni yake.

Kwa asiyetujua, nieleze kwa kifupi. Kenya ilianzisha mkakati wa afya ya jamii mwaka wa 2006. Mtaa hugawanywa katika vitengo vya watu kama 5,000, na kila mhudumu hupewa kaya zipatazo 100. Tunatembelea nyumba, tunaandikisha waliomo, tunafuatilia wajawazito na watoto wachanga, tunapima lishe, tunawatambua wenye kikohozi kisichoisha, na tunaandika barua ya rufaa kwenda kituo cha afya. Juu yetu yuko afisa aliyeajiriwa, CHA, juu yake wako maafisa wa kaunti ndogo, na kando iko kamati ya wakazi. Chini yetu hakuna mtu. Wazo lenyewe si la jana. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka wa 1978 ndio uliotangaza kwamba huduma za msingi za afya zifikishwe walipo watu na watu wenyewe washiriki kuzipanga. Tarehe 25 Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mikoba yetu pale Uhuru Park, na wahudumu zaidi ya 100,000 nchini wakawa na mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kuingizia taarifa. Mwaka huohuo sheria ya huduma za msingi za afya ikatutambua. Ikatangazwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali ya kitaifa na nusu kaunti.

Yote hayo yalikuwa mema, na niliyashangilia. Ila hakuna kilichomo kwenye ule mkoba kinachomlazimisha mtu. Chifu anaweza kumwita mtu barazani. Askari anaweza kumkamata. Daktari anaweza kumnyima cheti. Mimi nikikuomba umpeleke mtoto chanjo ya surua ya miezi 9, kisha umrudishe kwa ile ya miezi 18, unaweza kunijibu "sawa mama" na usiende, na hakuna litakalokupata kutoka kwangu. Uongozi wetu uko hapo tu: kumfanya mtu asiye na deni lolote kwako afanye jambo gumu, mahali usipokuwepo kumwona. Sijui kazi nyingine Nairobi inayodai hivyo kutoka kwa watu wenye posho kama yetu, labda ualimu wa madrasa na wa Sunday school.

Na kuna kizuizi ambacho wageni hawakioni. Mkono mtupu haulambwi. Kwa muda mrefu aliyekuja mlangoni na fomu alikuja pia na neti, unga au blanketi, au aliahidi kuvileta. Sisi tunakuja na maneno. Nimeona wahudumu wapya wakijaribu kuziba pengo hilo kwa ahadi: "Andika jina hapa, kuna kitu kinakuja." Kitu kisipokuja, mlango ule umefungwa kwako na kwa atakayekufuata. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomfundisha mhudumu mpya ni kusema mapema, kabla ya kuketi, kwamba hajaleta kitu. "Mama, leo sina cha kukupa ila nimekuja kuona mtoto." Baadhi watakufukuza. Wanaobaki wamekukaribisha wewe mwenyewe.

Ukishaingia, kaa. Hili linaonekana dogo, lakini nyumba zetu nyingi ni chumba kimoja cha mabati, kitanda upande huu, jiko upande ule, pazia katikati. Ukisimama na jaketi lako la kazi, umekijaza chumba na umewasimamia watu vichwani. Ukiketi kwenye mtungi uliogeuzwa, mazungumzo hubadilika. Halafu uliza, na usiulize kuhusu ugonjwa. Uliza maji yamekuja lini, mtaro wa nje umezibuliwa na nani, kodi ya nyumba imepanda au la. Kuna mama niliyemtembelea mara nyingi juu ya ujauzito wake, na kila mara alinijibu kwa "eh" na "ah". Siku nilipomuuliza anauza wapi mboga ndipo aliponiambia kwamba huondoka alfajiri kwenda soko la Gikomba, akirudi kliniki imeshajaa foleni, na akipoteza siku moja ya biashara hana mtaji wa kesho. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza umuhimu wa kliniki. Alikuwa anaujua, pengine kuliko mimi. Hiyo ilikuwa mimba yake ya tatu. Tulichofanya ni kumwomba nesi amhudumie mapema siku ambazo soko halina shughuli nyingi, na mwenzake wa kibanda amshikie biashara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane. Hakufika nane. Alifika mara nyingi kuliko ujauzito wa pili, na alijifungulia hospitalini.

Nesi tuliyemwomba hakuwa na wajibu wa kukubali, na hapo kuna nusu ya pili ya kazi ambayo semina huiruka. Tunadhani tunawaongoza watu wa mtaa, kumbe muda mwingi tunawaongoza walio juu yetu. Nesi aliyechoka, mwenye foleni ndefu hadi nje, ukimjia na "mgonjwa wangu" kila asubuhi kama mbunge, atakuchukia. Ukimjia na barua ya rufaa iliyojazwa vizuri, umeandika presha uliyopima, umeandika tarehe ya mwisho ya hedhi, umemwambia mgonjwa aje na kitabu chake, umempunguzia kazi. Baada ya miezi michache atakupigia simu yeye mwenyewe: "Yule mtoto wa chanjo hajaonekana, unamjua?" Simu hiyo ina uzito kwangu kuliko cheti chochote nilichopewa.

Habari ya presha imenikumbusha wanaume. Kabla ya mkoba ule, wanaume wa maskani walitutazama tukipita kama watazamavyo mvua. Afya ilikuwa mambo ya akina mama na watoto. Ile mashine ya presha imewageuza. Sasa mzee anayecheza drafti ananiita, "Daktari, hebu nipime," ananyoosha mkono mbele ya wenzake, na wenzake wanapanga mstari. Mimi si daktari na huwaambia hivyo kila mara, ingawa hawanisikii. Mtu akisoma 140 juu ya 90 au zaidi, nampumzisha, narudia, namwandikia rufaa. Simwambii ana ugonjwa wa presha. Hilo litasemwa na waliosomea. Kuujua mpaka wako na kuusema hadharani hakukupunguzii hadhi. Mtaa wetu umejaa watu wanaodunga sindano nyuma ya pazia, na mtu anayesema "hapa mimi ndio mwisho, nenda kwa fulani" hukumbukwa.

Nilikaa zaidi na suala la siri kuliko jambo lolote lingine katika kazi hii, na bado nalifikiria. Kuta zetu ni za mabati. Jirani husikia kijiko kikianguka. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kumtangaza mtu hali yake, na kila mhudumu huambiwa hivyo mafunzoni. Lakini sheria haikukuambia kwamba miguu yako yenyewe inatangaza. Ukiingia nyumba moja kila wiki na kuziruka zile za pembeni, ploti nzima itakuwa imeshapiga hesabu kabla ya magharibi. Jaketi letu linaonekana kutoka ng'ambo ya mto. Kwa hiyo nilianza kuingia kila mlango wa ploti, hata pasipo na shida, hata kama ni kusalimia tu na kuuliza maji. Inachosha. Inakula muda, na kwenye simu haionekani kama kazi kubwa. Lakini mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa zake kimya kimya hawezi kutengwa na wengine kwa sababu yangu.

Na kuna siri za mazungumzo. Hatuongei ya mtu ndani ya nyumba yenye majirani wanne wanaosikiliza. Tunatoka, tunatembea pamoja hadi kwenye bomba la maji, tunaongea njiani kama watu wanaopiga domo. Kundini kwetu tulikubaliana kwamba hata kikaoni hatutaji majina, tunataja namba ya kaya. Mhudumu akiteleza akataja jina, anatozwa faini ya shilingi 50 ya chai. Faini hiyo ilipendekezwa na mwanachama kijana kuliko wote, na imefanya kazi kuliko hotuba zote za maadili.

Mgonjwa wa kifua kikuu niliyemtaja si wa kubuni, ingawa sitasema zaidi juu yake ili asijulikane. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na dawa ni za bure katika vituo vya serikali. Taabu huja mwezi wa pili au wa tatu: kikohozi kimekwisha, mtu amenenepa kidogo, kibarua cha mjengo kimerudi, na vidonge vinamtia kichefuchefu kwa sababu anavimeza bila kula. Akiacha hapo, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa zilezile. Mwenzangu mmoja alikuwa akimwendea kila siku na kumhesabia hatari: utakufa, utaambukiza watoto, utapelekwa kwenye sindano. Yule bwana akaanza kumkwepa, akawa anaamka mapema zaidi. Tulipojadili kikaoni, kwa namba ya kaya, mama mmoja wa kundi letu ambaye si msomi aliuliza swali moja: anakula nini asubuhi? Hakuna aliyejua. Ikawa ndiyo kazi ya wiki ile, kujua anakula nini asubuhi. Hakuwa akila. Mama wa uji aliye kwenye kona ya njia yake ya kwenda mjengoni alikubali kumpa kikombe, alipe Jumamosi akilipwa. Alimaliza dawa. Ninamtaja huyu mama wa kundi letu kwa sababu hakuwahi kuchaguliwa kuwa chochote, na siku ile ndiye aliyetuongoza.

Kisha kuna takwimu, na hapa najua nitawachosha baadhi yenu. Kila mwezi tunajaza taarifa: wajawazito wangapi, watoto wangapi wameharisha, watoto wangapi utepe umesoma nyekundu, yaani mkono chini ya sentimita 11.5. Zamani ilikuwa vitabu. Sasa mengi ni ya simu. Wahudumu wengi huona hizo ni kazi za ofisi, za kuwafurahisha wakubwa. Mimi pia nilijaza bila kutazama, hadi mvua za mwaka fulani zilipoleta kuharisha mfululizo. Tulichukua kesi zetu tukazipanga ubaoni kwa ploti, badala ya kwa mhudumu kama ilivyokuwa desturi. Zikajipanga zenyewe kwenye kijia kimoja. Tukaenda kutazama. Mabomba ya plastiki ya wauza maji yalipita ndani ya mtaro wa maji machafu, yameungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Maji yakiwa na nguvu, uvujaji hutoka nje. Maji yakikatika, bomba hunyonya kile kilicho nje, na Nairobi maji hukatika kila wiki.

Sasa, ungefanya nini? Ungeripoti, na tuliripoti. Siku ya mazungumzo ya jamii tulisimamisha ubao mbele ya wageni wa ofisi, na kijana wa kundi letu akaeleza kwa utulivu: hiki ni kijia, hizi ni kesi, hili ni bomba. Alikuwa amejizoeza kwangu nyumbani jioni, kwa dakika chache tu, kwa sababu nilimwambia mgeni akitazama saa amekwisha. Aliahidiwa. Ahadi ilikaa. Wakati inakaa, tulikwenda kwa wauza maji wenyewe. Hawa ni vijana wenye kundi lao, wenye bosi wao, na wengi huwaogopa. Hatukwenda na kesi ya kuwashtaki. Tulikwenda na ubao uleule, tukauliza wangependa jina la maji yao litajwe vipi kukizuka kipindupindu. Watoto wao pia walikuwa kwenye ule ubao. Waliinua mabomba juu ya mtaro kwa nguzo za mbao katika sehemu kubwa ya kijia, wakabadilisha maungio, na sisi tukagawa tembe za kutibu maji pamoja na paketi za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Kuharisha kulipungua kwenye kile kijia. Vijia vingine bado bomba liko mtaroni, nisiseme uongo.

Mafuriko ya Aprili 2024 nitayapitia haraka, kwa kuwa wengi mmeyaandika. Mto Mathare uliingia nyumbani usiku, watu wakafa, na mwezi wa Mei nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za mto zikabomolewa kwa amri ya serikali. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba watu walipotawanyika kwenda Huruma, Kariobangi, kwa jamaa Kayole na kwingineko, waliokuwa na orodha ya nani alikuwa mjamzito, nani alikuwa kwenye dawa na nani alikuwa na mtoto wa wiki mbili walikuwa sisi. Tuligawana namba za simu tukapiga usiku kucha. Wahudumu waliopoteza nyumba zao wenyewe walipiga simu wakiwa wamejihifadhi kwenye madarasa ya shule. Hakuna aliyewaagiza. Nilikuwa mwenyekiti na sikumwagiza mtu.

Bima mpya ndiyo iliyotujaribu kuliko mafuriko, kwa namna yake. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ikachukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, na sisi tukatumwa milangoni kusaidia watu wajiandikishe. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na ajira rasmi huulizwa maswali juu ya nyumba yake, ukuta ni wa nini, anapikia nini, kisha hukadiriwa kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, akilipe kwa mwaka mzima. Hebu jiweke kwenye viatu vyangu: jirani aliyenizoea kwa miaka sasa ananitazama nikiuliza choo chake ni cha aina gani, na kiasi kinachotokea hakikuamuliwa na mimi wala siwezi kukipunguza. "Kumbe nawe ni mtu wao," shosho mmoja aliniambia. Sikumbishia. Nilimwambia niliyoyajua: akijiandikisha, huduma za zahanati na kituo cha afya zinagharamiwa na mfuko wa afya ya msingi; akitaka kulazwa hospitali kubwa, lazima awe amelipa. Alichouliza nisichokijua niliandika kwenye daftari mbele yake, nikamwambia nitarudi Alhamisi na jibu au bila jibu. Nilirudi bila jibu. Akanipa chai.

Kuna wenzangu waliosifu mpango mzima kama wasemaji wa serikali, na wengine walioutukana pamoja na wananchi ili wapendwe. Naona njia zote mbili ni za kukimbia. Mtu aliyesimama kati ya ofisi na mlango hana budi kubaki hapo katikati, akisema kilicho kweli kwa kila upande, na huko juu pia aseme kile shosho alichosema, kwa maneno ya shosho. Tulikisema kwenye kikao cha robo mwaka. Baadhi ya maafisa walikunja uso. CHA wetu aliandika.

Kuhusu kuongoza wenzako wanaojitolea, nina somo moja tu na sikulipata kwenye afya. Nililipata kwenye chama. Wanawake wa Nairobi wamesomea uongozi kwenye vyama vya akiba na kamati za matanga kuliko mahali pengine popote: jinsi ya kusoma hesabu mbele ya watu wenye njaa, jinsi ya kumkatiza msemaji bila kumvunjia heshima, jinsi ya kumdai mtu pesa ukiwa bado jirani yake. Posho yetu ikikawia, na hukawia, mwenyekiti ndiye anayeulizwa. Watu watakushuku umekula. Dawa niliyoijua ni ya chama: kila nilichosikia nilikisoma kikaoni siku hiyohiyo, hata kama nilichosikia ni "hakuna habari." Na tulianzisha mfuko wetu mdogo wa mzunguko, ili posho ikikosekana mhudumu asikose nauli ya kumsindikiza mgonjwa wa dharura hospitali ya Pumwani au ya Mama Lucy.

Mwaka wa uchaguzi una mtihani wake. Wanasiasa wanatujua: watu kumi wanaojua kila mlango wa kitengo ni mali. Tulipitisha kwamba jaketi haliendi kwenye mkutano wa siasa, na daftari la kaya halionyeshwi kwa mtu yeyote mwenye bango. Ukitaka kushangilia mgombea wako, nenda na nguo zako. Mmoja wetu aliona tunamnyima haki yake akajitoa. Alikuwa mhudumu mzuri, na nafasi yake ilikaa wazi muda mrefu, kaya zake tukazigawana.

Mwaka huu niliomba nipumzishwe uenyekiti. Walimchagua yule kijana aliyeeleza ubao, na kitu cha kwanza alichopendekeza ni kuhamisha kikao chetu kutoka Jumatano asubuhi hadi Jumapili alasiri, eti wanaofanya vibarua wapate kuja. Nilipinga. Nilisema Jumapili ni ya kanisa, ya kufua, ya kutembelea wagonjwa wa familia, na nikatabiri tutakuwa watatu. Tulipiga kura, nikashindwa vibaya. Tunakutana Jumapili saa tisa, wanaume wa vibarua wanafika, na mimi nimepewa kazi ya kuandika kumbukumbu, ambayo naona inanitosha kabisa isipokuwa kijana huyu anaongea haraka mno.